Goti langu, sukari ya shoga yangu, na vilima vya Istanbul

"Nina miaka 61, mstaafu, naishi Tanga. Goti langu la kulia linauma mwaka wa nne sasa. Nilipigwa picha nikaambiwa limelika. Mimi na shoga yangu, tuliyesoma pamoja tangu darasa la tano, tunataka kwenda Istanbul mwezi wa kumi, siku sita. Ni ndoto yetu ya usichana: kuuzunguka mji kwa miguu, sisi wawili tu, bila kundi wala kiongozi wa watalii. Yeye ana 62, ana kisukari mwaka wa kumi na moja na anachoma insulini, lakini ni mwepesi kuliko mimi. Hata tukienda sokoni yuko mbele. Wanangu wanasema nisitembee, nitalimaliza kabisa goti lililobaki. Jirani kanishauri nimeze diclofenac kila asubuhi kabla ya kutoka hotelini. Dawa za presha naendelea nazo. Nimenunua raba mpya, nimezitunza kabatini za safari. Simu yangu inaonyesha natembea kama hatua 3,000 kwa siku. Zimebaki wiki kumi. Niende, au nitamharibia mwenzangu safari? Sijamwambia kwamba goti limezidi."

Dada yangu, nenda. Goti ulilonieleza halikukatazi Istanbul. Kilichonishika katika barua yako ni ile sentensi ya mwisho, maana hiyo ndiyo inayoharibu safari za watu wengi kuliko goti lenyewe. Nitakueleza niliyoyaona kwa macho yangu, kisha tuzungumze mambo ya tiba.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Istanbul na rafiki yangu wa tangu chuoni. Siku ya pili tulikuwa tunashuka kutoka mtaa wa İstiklal kuelekea mnara wa Galata, kwa njia ya Galip Dede, ile yenye maduka ya ala za muziki huku na huku. Mwenzangu akawa anasimama kila baada ya maduka mawili matatu. Anaegemeza mkono kwenye fremu ya mlango, anatazama zile udi, ala ya taarabu, zilivyotundikwa dirishani. Nikasema moyoni, kumbe mwenzangu anapenda udi. Nikawa natangulia, nasimama kwenye kona, namsubiri. Akifika tu, tunaondoka. Usiku alipokunja suruali nikaliona goti: limevimba hadi kifuniko chake hakionekani, na ukiweka kiganja unasikia joto. Mimi kazi yangu ni magoti, ninayashika kila siku ya wiki, na mchana kutwa sikuona. Yeye hakusema, mimi sikuuliza. Siku mbili zilizofuata alibaki hotelini, nami nikabaki naye.

Tazama vizuri jinsi mchezo ule ulivyokuwa. Aliyetangulia anapumzika kila anaposubiri. Aliye nyuma anafika anahema, na kufika kwake ndiyo ishara ya kuondoka. Kwa hiyo mwenye nguvu amepumzika mara kumi, na mwenye goti bovu hakupumzika hata mara moja. Ndivyo mnavyokwenda sokoni hapo Tanga, sivyo? Mkifanya hivyo siku sita juu ya vilima, goti litakushinda siku ya pili, na si kwa sababu ni bovu.

Sasa hilo neno "limelika". Ni neno tunalowapa wagonjwa sisi wenyewe, na linawatia hofu isiyo na msingi. Mtu akilisikia anaona tairi la gari: kila kilomita inapunguza kilichobaki, kwa hiyo dawa ni kuliegesha. Goti haliko hivyo. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, hauna mishipa ya damu. Chakula chake gegedu linakipata kwenye ute uliomo ndani ya kiungo, na linakipata kwa kubanwa na kuachiwa, kama dodoki ndani ya maji. Unapokanyaga linabanwa, unapoinua mguu linafyonza. Goti lisilotembea linakosa chakula hicho, na misuli ya paja, ambayo ndiyo inayobeba mshtuko wa kila hatua, inanyauka. Ndiyo maana goti lako linakuwa zito asubuhi na baada ya kukaa sana, kisha linalainika ukishatembea kidogo. Waambie wanao kwamba kutembea kwa kiasi ni sehemu ya matibabu ya goti la namna hii duniani kote, na kukaa tu ndiko kunakolidhoofisha.

Tatizo linakuja pale mzigo unapopanda ghafla. Wewe umezoea hatua 3,000 kwa siku. Mgeni anayeizunguka Istanbul kwa miguu hushangaa jioni kuona simu imeandika 15,000, mara tano ya zako, tena juu ya mawe yasiyo sawa, na mitaa inayopanda na kushuka. Misuli inachoka saa sita mchana, na ikishachoka mshtuko wote unaangukia kiungo.

Kwa hiyo safari yako inaanza wiki hii, na inaanzia Tanga. Ongeza hatua 500 kwa siku kila wiki: wiki ya kwanza 3,500, ya pili 4,000, na baada ya wiki kumi utakuwa kwenye 8,000. Zigawe asubuhi na jioni. Kila siku, kaa kwenye kiti cha kulia chakula, kunja mikono kifuani, inuka na ukae polepole mara kumi, pumzika, rudia. Kuinuka ni kuzuri, lakini kukaa polepole, bila kujitupa, ndiko kunakojenga msuli utakaouhitaji kwenye miteremko. Maumivu kidogo yasikutishe. Kipimo tunachotumia ni hiki: kama maumivu hayazidi 5 kati ya 10, na kesho yake asubuhi yamerudi palipokuwa, endelea. Yakibaki zaidi ya siku moja, au goti likivimba, rudi kwenye hatua za wiki iliyopita usubiri. Huko Istanbul panga 8,000 hadi 10,000 kwa siku, na kila baada ya siku nzito iwepo siku nyepesi.

Raba zitoe kabatini leo. Kiatu kipya hakivaliwi mara ya kwanza safarini. Kivae jioni, maana miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, uone kama mbele ya kidole kirefu panabaki nafasi ya upana wa kidole gumba.

Kuhusu fimbo hukuniuliza, lakini nakushauri uwe nayo. Ajabu ni kwamba karibu kila mtu huishika upande unaouma. Goti lako ni la kulia, kwa hiyo fimbo iwe mkono wa kushoto, itangulie pamoja na mguu wa kulia. Ukiukanyagia mguu wa kulia, mwili unataka kuangukia kushoto. Fimbo ya kushoto inaudaka uzito huo, na goti linapata nafuu. Simama wima, mikono ikining'inia: mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Mwezi wa kumi mvua hunyesha kule na mawe hulowa, kwa hiyo chini iwe na kofia ya mpira isiyolika. Mwavuli usiugeuze fimbo.

Diclofenac kila asubuhi, hapana. Dawa za jamii hiyo ya kutuliza maumivu na uvimbe zinapandisha presha, zinaweza kuumiza tumbo, na zikichanganywa na baadhi ya dawa za presha zinazibana figo, hasa kwa mtu aliyetembea kutwa bila kunywa maji ya kutosha. Isitoshe, zinanyamazisha goti wakati lilipotaka kukwambia kaa chini. Diclofenac ya kupaka juu ya goti ni salama zaidi kwa sababu ni kidogo tu kinachoingia kwenye damu, na paracetamol inaweza kukusaidia usiku. Vidonge vyenyewe vina mahali pake, kwa siku chache, daktari anayezijua dawa zako akishakubali. Shoga yako naye asizionje. Figo za mwenye kisukari zina kazi ya kutosha.

Na sasa shoga yako. Unamwona mwepesi, unajiona wewe ndiye mzigo. Mimi nikisoma barua yako, mwenye mguu wa kunitia wasiwasi ni yeye. Kisukari cha miaka mingi kinaweza kuharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, polepole, bila mtu kujua. Siku hizi goti lako linapiga kelele. Miguu yake inawezekana imenyamaza. Kokoto ndani ya kiatu, mshono wa soksi, lengelenge lililopasuka: wewe ungechechemea baada ya hatua ishirini, yeye anaweza kutembea nayo kutwa nzima, mbele yako, mwepesi vilevile. Usiku anavua soksi anakuta damu. Na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari hupona taratibu, na kikipuuzwa ndicho kinachopeleka watu kukatwa.

Sisemi kwamba ndivyo alivyo. Nasema apimwe kabla ya kulipia tiketi. Kipimo ni rahisi: kuna uzi laini wa nailoni unaoguswa kwenye unyayo huku mtu amefumba macho, aseme anapousikia. Kliniki ya kisukari inayofanya kazi yake huwa nao, na watamshika pia mapigo ya damu miguuni.

Ndiyo maana nasema kupumzika kwenu si hisani anayokufanyia. Mkikaa, wewe goti linapata nafasi, yeye anavua viatu, anakung'uta, anapitisha mkono ndani ya kiatu, anaangalia nyayo na katikati ya vidole. Asipoweza kuuona unyayo wake, unamwangalia wewe. Kila dakika 40 hivi, hata kama hakuna aliyechoka. Na wewe ndiye uwe wa kwanza kuinuka, si yeye. Asubiri mpaka useme. Kama mnasali, udhu umewapangia ratiba tayari: kwenye nyua za misikiti mikubwa ya Istanbul kuna vigoda vya mawe mbele ya mabomba, mtu anatia udhu amekaa. Mguu uko mkononi, utazameni. Akaushe katikati ya vidole kabla ya kuvaa soksi, unyevu huzaa fangasi. Asitembee peku popote pengine, hata bafuni hotelini.

Jambo la pili kwake ni sukari kushuka. Misuli inayotembea inafyonza sukari kutoka kwenye damu, na inaendelea kufyonza saa nyingi baadaye, hata usiku amelala. Kwa dozi ileile ya insulini aliyozoea nyumbani, siku ya kutembea mara tatu zaidi inaweza kumwangusha. Asijipunguzie mwenyewe, aonane na daktari wake na mpango ule wa hatua mkononi, wakubaliane dozi. Apime kabla ya kutoka, katikati ya matembezi, na kabla ya kulala. Habari njema ni kwamba saa ya Uturuki ni sawa na yetu, kwa hiyo ratiba ya sindano haibadiliki hata dakika moja. Insulini iwe kwenye mkoba wa mkononi ndani ya ndege, pamoja na barua ya daktari, kwa sababu kwenye mzigo wa chini inaweza kuganda ikaharibika.

Wewe jifunze dalili zake: jasho la baridi, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla, na ile ambayo watu huikosea, hasira isiyo na sababu au maneno yasiyofuatana. Rafiki yako wa miaka hamsini akikugombeza bure katikati ya soko, usinune, mpe sukari. Gramu 15, yaani vijiko vitatu vya chai, au nusu glasi ya juisi, wauzaji wa juisi ya machungwa na makomamanga wako mitaani kila mahali. Kule chai huja na vipande vya sukari kwenye kisahani; wekeni vichache mfukoni. Baklava na chokoleti si dawa ya hapo, mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu. Subirini dakika 15, pimeni tena. Akiwa hawezi kumeza usimtie kitu mdomoni, piga 112.

Tuje kwenye mji wenyewe. Ninaipenda Istanbul kwa sababu inampa mwenye goti njia za kujisaidia, akizijua. Wengi huogopa kupanda. Lakini kwa magoti mengi ya namna yako kushuka ndiko kubaya zaidi, kwa sababu msuli wa paja unafanya kazi ya breki: unarefuka huku umebeba uzito wote, na kifuniko cha goti kinakandamizwa. Kupanda kunakuchosha pumzi. Kushuka kunakuumiza goti. Basi panda kwa miguu polepole mahali mwinuko si mkali, na ushuke kwa chombo.

Mfano: tramu ya T1 inapita Eminönü, Sirkeci, Gülhane, Sultanahmet na Beyazıt, karibu sehemu zote mlizoota. Nendeni nayo hadi Beyazıt, mwingie soko kuu lililofunikwa la Kapalıçarşı. Mkitoka, kila mtu atawaelekeza mteremke Mahmutpaşa hadi Eminönü, njia ya nguo za bei nafuu, nzuri kweli. Lakini ni mteremko mrefu, watu wanasukumana, na kwa goti lako ni mtego. Rudini mlikotoka mpande tramu. Kama lazima muone zile nguo, ingieni kwa chini, Eminönü, mpande kidogo kidogo.

Kilima cha Galata kilichomshinda rafiki yangu nacho kina dawa yake, tena ya zamani. Mhandisi Mfaransa, Eugène-Henri Gavand, alifika mjini akaona watu wanavyohangaika kukipanda na kukishuka, akabuni treni ya chini ya ardhi inayovutwa kwa kamba. Tünel ilifunguliwa mwaka 1875, ina urefu wa mita 573 tu, na bado inapandisha na kushusha watu kati ya Karaköy, chini ya kilima, na mwanzo wa İstiklal, juu. Siku ile mimi na mwenzangu tulikuwa tumesimama karibu na mlango wake wa juu, tukaamua kushuka kwa miguu. Nyinyi ingieni.

Sultanahmet ni karibu tambarare: Hagia Sophia iliyokamilika mwaka 537, na ng'ambo ya bustani msikiti wa Sultan Ahmed ulioanza kujengwa 1609. Katikati kuna mabenchi. Hapo siku moja nzima inakutosheni bila kilima. Na siku nyepesi iwe ya baharini: boti za abiria kutoka Eminönü kwenda Üsküdar au Kadıköy huchukua kama dakika 20, mmekaa, chai mkononi, misikiti inapita mbele yenu. Vitongoji vya Fener na Balat ningeviacha, isipokuwa mitaa ya chini kabisa. Mitaa yake ya juu ni mikali mno, na sitakuficha kwamba hicho mtakikosa.

Je, si afadhali kukodi gari kutwa? Linasaidia kufika mbali, lakini mji wa kale una foleni na mitaa mingi gari haliingii, mtalipa kukaa ndani yake. Kundi la watalii ni baya zaidi kwako, kwa sababu mwendo anauamua mtu asiyekujua. Njia nyingine ambayo marafiki huiona aibu ni kugawana nusu siku: yeye aende Laleli kutafuta vitambaa akiwa amekula na kupima sukari, wewe ubaki bustani ya Gülhane chini ya miti na simu yenye chaji. Haina ubaya wowote.

Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar ni kama saa saba. Inukeni kila saa mtembee ujiani, mkikaa chezesheni vifundo ili vigimbi visukume damu, na kunyweni maji.

Muone mtaalamu ana kwa ana kabla ya kusafiri, na usijipangie mwenyewe, kama goti linakwama halikunjuki, linaachia ghafla ukitembea, linauma usiku umelala, au limevimba, limekuwa jekundu na una homa. Mkiwa safarini au mkisharudi, kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, kifua kikibana au pumzi ikikata, hiyo ni hospitali saa ileile. Kwa shoga yako, kidonda chochote mguuni, hata cha ukubwa wa punje ya mchele, kioneshwe siku hiyohiyo. Vilevile mguu uliovimba na kupata joto hata kama hauumi, asiukanyagie mpaka aonwe. Maduka ya dawa kule Istanbul yana herufi E nyekundu mlangoni, na usiku huwa kuna la zamu. Kateni bima ya afya ya safari, na mtaje kisukari mnapojaza fomu. Asiyekitaja huja kukataliwa malipo.

Mpigie mwenzako leo. Usimwambie "goti linasumbua kidogo". Mwambie unatembea hatua ngapi kabla halijaanza kuuma, na umuulize mara ya mwisho kupimwa miguu ilikuwa lini. Hoteli msilipe kabla ya kuuliza kama ina lifti inayofanya kazi: nyingi za Sultanahmet na Sirkeci ziko kwenye majengo ya zamani yenye ngazi nyembamba, na hutaki kuzishuka kila asubuhi goti likiwa bado halijapata moto.